Matabaka mia mbili na kumi na mbili juu ya picha moja

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Alida Mukunde anasukuma mlango wa chuma wa duka la picha huko Nyakabanda, Kigali, anaingia, kisha anaurudishia nyuma yake. Duka halifunguliwi mpaka saa mbili. Anawasha kompyuta, na wakati inajikongoja kuwaka, anapangusa skrini kwa ncha ya kitenge chake.

Kinachotokea ni rangi tupu. Chini kuna manjano iliyochujuka, juu yake kijivu cha moshi wa kuni mbichi, na katikati weupe mpana usio na kingo. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna mtu. Wateja wakimuuliza hii ni picha ya nini, Alida huwajibu kuwa ni rangi tu, nao hucheka wakaendelea na shida zao.

Lakini humo ndani yumo mwanawe. Alimweka mwenyewe, akamfunika mwenyewe, na sasa hawezi kumtoa.

Kila siku ya kazi, kwa saa moja na nusu kabla ya wateja, mwanamke huyu mwenye umri wa miaka thelathini na sita hujaribu kuitengua kazi ya mikono yake. Jaribio moja huchukua siku kadhaa, na leo ni la sabini na nne. Anakuza sehemu ya katikati mpaka rangi zinakuwa vipande vidogo vya mraba, anapunguza samawati kidogo, anaongeza giza pembeni, halafu anaegemea kiti na kuangalia kwa jicho moja. Mwandishi wa makala haya aliangalia naye mpaka macho yakauma, na hakuona kitu.

"Hata mimi sioni," anasema Alida. "Najua tu kwamba yupo. Ni kama unapajua mahali ulipoangusha kitu kisimani."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Kufikia Ijumaa ya wiki ileile alitakiwa awe ametoa jibu kwa mama mmoja aliyetaka kuinunua picha hiyo, na kuinunua kwa masharti ambayo yangemaliza majaribio yote. Ndiyo maana mkono wake siku hiyo ulikuwa na haraka.

Alida si mtoto wa Kigali. Alizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi Wanyarwanda waliokuwa wamekaa huko miaka mingi, na Kiswahili chake ni cha huko. Ufundi aliupata Bukoba kwenye studio ya mzee mmoja aliyekuwa hodari wa kubadilisha mandhari: ukija na suruali iliyochanika, unatoka kwenye picha umevaa suti na nyuma yako kuna maporomoko ya maji. Alipohamia Rwanda na wazazi wake, akiwa na miaka ishirini na miwili, alikuwa na begi moja na fleshi yenye mandhari mia tatu.

Kwenye duka hili la Nyakabanda, mali ya bwana anayeitwa Johnson aliyekulia Uganda, amefanya kazi kwa miaka kumi na mmoja. Anapiga picha za pasipoti, anatengeneza mabango ya harusi, anasafisha picha za marehemu ili ziwekwe kwenye fremu. Mshahara wake ni faranga laki moja na arobaini elfu kwa mwezi. Ukitoa pango la vyumba viwili, kinachobaki ni cha kuhesabu kwa vidole, na mwenyewe anasema ameacha kukihesabu.

Sanaa ilimjia kwa njia ya mabaki. Akimkata bibi harusi kwenye picha ili amuweke kwenye bango, hubaki ukuta, pazia, pindo la mshanana, lile vazi la sherehe la Kinyarwanda, bega la mtu asiyehitajika. Wenzake hufuta. Alida alianza kuvitunza vipande hivyo, akavipanga kimoja juu ya kingine, akavikuza, akavivuta, akavififisha, mpaka pazia likaacha kuwa pazia. Wataalamu huiita sanaa dhahania. Nyakabanda wanaziita zile picha za Alida, na mpaka sasa ameuza kumi na moja, nyingi kwa vijana wanaofungua saluni.

Yote hayo yalikuwa mchezo, anasema, mpaka Februari ya mwaka juzi.

Mwezi huo alijifungua mtoto wa kike kabla ya wakati. Alikuwa na uzito wa kilo moja na robo, na mapafu yalikuwa hayajakomaa. Alilazwa kwenye kisanduku cha joto, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, blanketi la manjano, na mpira mwembamba puani.

Kwa desturi ya Wanyarwanda wengi, mtoto hutolewa nje na kupewa jina siku ya nane. Watoto wa jirani huja, hula, hutaja majina wanayoyapenda, na wazazi huchagua. Mama mkwe wa Alida, mtu wa kushika mila, aliomba mjukuu wake asipigwe picha kabla ya siku hiyo. Hakuna aliyembishia. Nani angebishana na bibi kwa jambo la siku nane tu?

Mtoto alifariki siku ya sita.

Kwa hiyo hana jina. Na picha asingekuwa nayo, kama si baba yake, fundi wa vigae anayeitwa Gisa, kuiba sekunde moja siku ya pili alipobaki peke yake wodini. Alitoa simu, akapiga picha moja, akairudisha simu mfukoni kama mwizi. Hakumtumia mtu yeyote. Alimwonyesha Alida wiki tatu baada ya msiba, na Alida akaihamishia kwenye kompyuta ya dukani kwa waya.

Miezi miwili baadaye Gisa aliuza simu hiyo pale sokoni Nyabugogo. Goti lilikuwa limemvimba, kazi hakuna, na chakula kinatakiwa. Mnunuzi aliifuta yote mbele yake. Gisa hakuona tatizo, kwa sababu picha ilikuwa salama kwa mke wake. Mke ambaye kazi yake, msomaji, ni kutunza picha za watu.

"Nilitaka kuisafisha kidogo tu," Alida anasimulia. "Nilitaka kuutoa ule mpira puani, niiweke kwenye fremu. Wateja wananiletea picha za maiti wao kila wiki, namtoa mtu jasho, namtoa makovu, namvalisha. Nikasema na wangu nimfanyie."

Aliutoa mpira. Ilimchukua nusu saa, na ilikuwa kazi safi. Lakini uso uliobaki, bila mpira, ulikuwa uso wa mtoto mzima aliyelala usingizi wake. Alida hakuweza kuutazama. Alifungua tabaka jipya juu yake, leya kama wanavyosema mafundi, akaufifisha. Kesho yake akaongeza jingine. Akavuta rangi ya blanketi ikapanda juu. Akaweka kijivu cha ukuta wa wodi, akakikuza mara arobaini.

Ikawa ndiyo kazi yake ya asubuhi. Kila siku leya moja, siku nyingine mbili. Anayejua programu hizi za kuhariri picha anaelewa utamu wake: leya haifuti kilicho chini, inakifunika tu. Ukitaka, unazima zote, na picha ya kwanza inatokea kama ulivyoiacha. Alida hakuzizima hata mara moja. Ilimtosha kujua kwamba anaweza.

Ile picha ya awali, iliyokuwa peke yake kwenye skrini ya mbele, aliifuta. Wateja walikuwa wakiiona na kuuliza mtoto wa nani, anaendeleaje. Alichoka kujibu. Isitoshe nakala ilikuwa pale chini, kwenye leya ya kwanza. Kufikia Desemba zilikuwa mia mbili na kumi na mbili.

Sasa sikiliza mkosi wenyewe ulivyo, maana ni mkosi ambao ungeweza kumpata mtu wa kazi hii tu.

Duka la Johnson lina sheria moja kuhusu kompyuta, imebandikwa ukutani: kazi ikiisha, bana leya, hifadhi, funga. Diski ni ndogo, na faili lenye leya nyingi hula nafasi ya wengine. Mafundi huita kitendo hicho kuflatisha. Matabaka yote yanasagwa kuwa moja, na faili linakuwa jepesi. Alida amekifanya kwa miaka kumi na mmoja, mara kumi na tano mpaka ishirini kwa siku, bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo cha shati.

Desemba ile Johnson alileta kutoka Kampala mashine iliyotumika ya kuchapa picha kubwa kwenye turubai. Alitaka picha ya mfano ya kuning'iniza dukani, yenye rangi zinazochanganyikana taratibu, ili wateja waone uwezo wa mashine. Alida akajitolea ile yake. Faili lilikuwa zito, kompyuta ikakwama. Akabana leya ili likubali kwenda kwenye mashine. Mpaka hapo hakuna ubaya, kwani ukifunga bila kuhifadhi, leya zinarudi zote.

Wakati turubai linatoka, aliingia mteja wa picha ya pasipoti mwenye haraka ya ndege.

"Mkono wangu ukahifadhi, ukafunga," anasema. "Sikuuambia. Ulifanya ulichozoea. Nikampiga yule bwana picha, akanishukuru, nikaenda nyumbani nimefurahi kwamba picha imechapwa vizuri."

Jumatatu alipofungua faili aliona leya moja. Anasema alikaa akiihesabu hiyo moja kwa muda mrefu, kana kwamba angehesabu vizuri zingekuwa nyingi.

Wahenga walisema mganga hajigangi, na majirani wamelisema hilo mbele ya Alida bila kujua linavyomchoma. Amerudisha picha za watu zilizoliwa na mchwa. Kuna mjane aliyemletea picha iliyofuliwa kwenye mfuko wa suruali, akampa mume wake tena, mpaka masharubu.

Alimwita Mucyo, fundi kompyuta anayesifika mjini kwa kufufua diski zilizokufa. Kijana huyo alikaa na mashine siku mbili nzima. Alitafuta nakala za muda, alitafuta ile picha iliyofutwa, akakuta nafasi yake imekwishajazwa na mabango ya harusi. Mwandishi alipomtafuta kwa simu, Mucyo alikumbuka kazi hiyo vizuri, na alisema hakuchukua malipo.

"Nilimwambia dada ukweli," alisema. "Ukishasonga ugali, huwezi kudai unga wako. Yeye akaniambia sawa, asante. Nikajua hajanisikia."

Hakumsikia kweli. Alida anakumbuka mengi ya aliyoyafanya kwenye zile leya, na ameamini kwamba akiyafanya kinyumenyume, kwa mpangilio uleule, uso utarudi. Aliponyanyua rangi, ataishusha. Alipofifisha, atanoa. Amejaribu hivyo kwa mwaka mmoja na nusu. Mara moja, kwenye jaribio la thelathini na kitu, aliona mkunjo ambao huenda ulikuwa ukingo wa kofia. Alimwita Gisa dukani aje aone. Gisa alikuja, akaangalia, akasema hajui.

Inasikitisha kuwatazama hawa wawili, maana kila mmoja ana kosa lake na hakuna anayemlaumu mwenzake. "Yeye aliuza simu," anasema Alida, "na mimi nilibana leya. Hatujawahi kugombana kwa hilo hata siku moja. Afadhali tungegombana."

Siku Alida alipomweleza mumewe kilichotokea, Gisa alitoka nje akaosha vifaa vyake vya kazi, vilivyokuwa vimeshaoshwa. Tangu hapo hajamtaja mtoto. Miezi kumi na minane, hata neno moja.

Mei mwaka huu akaingia dukani mama wa Kikenya anayeitwa Nyokabi. Amekaa Kigali miaka tisa, na kazi yake ni kupamba nyumba za kupangisha: anachagua mapazia, viti, taa na picha za ukutani. Alikuja kuchapisha namba za milango ya jengo jipya la Rebero. Akaliona lile turubai la mfano, lililokuwa limening'inia nyuma ya mashine kwa zaidi ya mwaka na kushika vumbi. Alisimama mbele yake, anakumbuka Alida, na hakuuliza ni picha ya nini. Aliuliza ni ya nani.

Bei aliyotaja ilikuwa faranga laki tisa. Johnson, ambaye turubai na wino vilikuwa vyake, alisema atachukua laki moja tu, iliyobaki ni ya msanii, na kwa hilo apewe haki yake.

Masharti yalikuwa mawili. Picha hiyo iwe moja tu duniani, na kwa hiyo faili lifutwe. Wenye jengo wanataka wakimwambia mpangaji kwamba hakuna mwingine mwenye picha hii, iwe kweli. Nyokabi alipewa mpaka Ijumaa ya pili ya Juni awe amekamilisha ukumbi wa mapokezi, kwa hiyo alitaka jibu wiki moja kabla.

Mtu angesema hapana na kuendelea na asubuhi zake. Alida hawezi kusema hapana kirahisi, kwa sababu ana mimba ya miezi mitatu.

Daktari amemwambia wazi. Mlango wa kizazi ni dhaifu, atashonwa, na kuanzia mwezi wa nne alale. Asisimame dukani kutwa, asipande vilima vya Nyakabanda, alale mpaka wiki ya thelathini na saba. Duka halilipi mtu aliyelala. Gisa kwa goti lile hupata kazi wiki moja, mbili anakaa. Laki nane ndiyo miezi ya kulala.

"Nimeambiwa nichague kati ya watoto wangu," anasema, na anasema bila kupandisha sauti. "Mmoja hayupo, najua. Lakini mimi ndiye ninayejua alipo. Nikifuta, nitakuwa nimemzika mara ya pili, tena safari hii kwa kidole changu."

Kufikia Alhamisi alikuwa ameamua. Alimpigia Nyokabi simu, akakubali vyote viwili, moja duniani na faili lifutwe. Kisha akamwambia mumewe aje Ijumaa mchana kusaidia kubeba.

Ijumaa saa nane Nyokabi alifika na vipimo vya ukuta wake. Ni mama mchangamfu, anaongea na mikono, anawasalimia watu wote kwa majina. Aliomba turubai literemshwe, likawekwa juu ya meza ya kaunta. Halafu akalizungusha, likalala kwa upana.

Akaeleza kwamba ukuta wa mapokezi ni mpana, juu ya sofa, na dari ni fupi. Picha ikisimama wima kama ilivyokuwa dukani, itaonekana kama mlango. Ikilazwa inajaza nafasi na inatuliza macho. Alikuwa hata ameipiga picha na kuiweka kwenye picha ya ukuta ndani ya simu yake, ikiwa imelazwa. Kusema haki, ilipendeza.

Alida aliangalia simu, akasema hapana. Isimame kama ilivyo.

Nyokabi alidhani anataniwa. "Lakini Alida, mpenzi, hii aina ya picha haina juu wala chini. Si huo ndio uzuri wake?"

Alida akasema tena isimame, na kama haiwezi kusimama basi biashara imekufa. Mwandishi, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, aliona kwamba alikuwa tayari kuzitupa zile laki nane, pamoja na kila kitu zilichobeba, kwa jambo ambalo hakuna mtu mle ndani aliyelielewa. Na kulieleza hakuwa tayari.

Johnson ndiye aliyeharibu, bila nia mbaya, maskini. Alikuwa na hofu ya kumpoteza mteja. Akalishika turubai, akalizungusha tena, mara hii juu chini, akicheka ili watu wacheke naye.

"Mteja akitaka miguu juu," akasema, "tunampa miguu juu."

Hakuna aliyecheka. Alida aliweka mikono yote miwili usoni.

Gisa alikuwa mlangoni, na kofia yake ya kazi bado mkononi. Ni mtu mrefu, mpole, mwenye Kiswahili cha mtaa cha Kigali na maneno machache hata kwa Kinyarwanda. Aliingia, akamwambia Johnson aweke chini. Akalichukua turubai, akalisimamisha taratibu dhidi ya ukuta, wima, ule upande wa weupe ukiwa katikati na manjano chini. Akagusa sehemu moja juu ya ule weupe, ambapo jicho la mgeni lisingesimama hata kidogo.

"Hapa ndiyo kichwa iko," akasema.

Alida akaondoa mikono usoni. Baadaye alieleza kwamba hakuwahi kumwambia mumewe kichwa kiko wapi, na hata yeye mwenyewe, baada ya leya zote zile, alikuwa akikisia. Akamuuliza amejuaje.

"Mimi nilipiga picha," Gisa akasema. "Nilisimama upande ya miguu yake. Kila nikikuja hapa dukani naangalia hapo."

Nyokabi akauliza, kwa sauti iliyokwisha kushuka, kichwa cha nani. Ndipo Alida alipomweleza: siku sita, kofia nyeupe, simu iliyouzwa, mteja wa pasipoti. Ilichukua dakika kama tano. Johnson alitoka nje kabla hajamaliza, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Kumbe mwaka mzima na nusu amekuwa akiwaonyesha wateja turubai hilo na kulipiga makofi ili kuwathibitishia kuwa ni gumu.

Mama yule wa Kikenya hakulia wala hakutoa hotuba. Alikaa kwenye kigoda cha picha za pasipoti, mkoba mapajani. Mwishowe akasema kuna ukuta mwingine kwenye ngazi, kati ya ghorofa ya chini na ya kwanza, mwembamba na mrefu, wenye dirisha upande wa mashariki. Angewauliza wenye jengo. Hakuahidi.

Alipiga simu Jumamosi jioni. Wamekubali, picha itasimama wima kwenye ngazi. Na jambo jingine, akasema: kwa habari ya faili, yeye hatamuuliza. Akibaki nalo, hakuna atakayejua.

Alida akamshukuru na akakataa.

"Nilimwambia dada Nyokabi, likibaki nitalichimba," anasema. "Najijua. Nitakuwa nimelala kitandani na huyu tumboni, na kichwa changu kiko dukani kinachimba. Nitachimba mpaka nizeeke. Wacha nilifute."

Jumatatu asubuhi akalifuta, pamoja na yale majaribio sabini na manne. Aliomba awe peke yake, na mwandishi alisubiri nje, ambako mama mmoja wa jirani alikuwa akifagia mlango wa duka lake la vyerehani. Alida alipotoka aliegemea ukuta na kusema kwamba alitegemea kusikia kitu, angalau mlio, na hakukuwa na mlio wowote. Mama mwenye ufagio, ambaye hakujua lolote, alimtazama usoni tu akamwambia "wihangane", neno ambalo Wanyarwanda humpa mtu aliyefiwa.

Maji yakimwagika hayazoleki. Mtu anaweza kulisema hilo kwa urahisi mpaka amwone aliyeyamwaga.

Sasa mipango. Wiki ijayo Alida atashonwa, na baada ya hapo atalala. Johnson amesema kiti chake dukani hakitapewa mtu. Bibi, yule mama mkwe, ameambiwa yote, na ametuma ujumbe kwamba huyu anayekuja apigwe picha siku hiyohiyo, na zipigwe nyingi. Alida anasema atafurahi siku atakapofika wiki ya thelathini na saba, kabla ya hapo asiulizwe.

Turubai litapelekwa Rebero keshokutwa, Alhamisi. Nyokabi ana fundi wake wa kutundika, mtu mwenye vifaa vyote, na alimwambia Gisa asijisumbue na goti lile kupanda ngazi. Gisa akakataa. Amekwenda tayari kuuangalia ukuta, amepima, ameweka alama mbili za penseli. Alipoulizwa atataka alipwe kiasi gani kwa kazi hiyo, alionekana kutolielewa swali.

Kisha akaeleza, na ni mara ya pili tu kwa mwandishi kumsikia akizungumza sentensi zaidi ya moja.

"Ile siku ya kuzika, wazee na watu ya kanisa ndiyo walienda. Alida alikuwa kitandani, damu nyingi, mimi nikabaki kumshika. Mtoto walimuweka watu wengine," alisema. "Hii ya Alhamisi nitaweka mimi."